Injini nzima, geji zinachemsha: kisa cha ethi mbovu kwenye Land Cruiser

Kisa hiki kilitokea kwenye gereji ninayofanyia kazi, kaskazini mwa Tanzania. Majina ya watu, ya kampuni na namba za gari nimeyaondoa. Nakiandika kwa ajili ya mafundi umeme wenzangu, hasa vijana wanaoanza kufunga geji (vipimo vya dashibodi) za ziada, kwa sababu kosa lenyewe, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) iliyoungwa mahali pasipofaa, lilipita ukaguzi wote tuliouzoea na likakaa ndani ya gari kwa zaidi ya wiki mbili, huku vipuri vizima vikifunguliwa na kuwekwa pembeni. Kazi ile niliisimamia mimi na kuipitisha mimi, kwa hiyo kosa ni langu.

## Gari na hofu ya mwenye gari

Gari ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, chasisi imerefushwa kwa ajili ya kubeba watalii, paa la kunyanyuka, jokofu dogo nyuma. Injini ni 1HZ, dizeli ya silinda 6, cc 4,164. Injini hii hutoka kiwandani bila tabo (turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini). Mwenye gari alikuwa amefungiwa tabo na fundi mwingine mwaka mmoja kabla, kwa sababu gari likijaa watu na mizigo lilikuwa linapanda ukingo wa Bonde la Ufa, pale juu ya Mto wa Mbu, kwa gia ya pili huku malori yakilipiga honi.

Tabo ilimpa nguvu aliyoitaka. Lakini baadaye gari la mwenzake katika biashara hiyohiyo, nalo 1HZ yenye tabo, likapasuka silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) njiani. Yule mwenzake hakuwa na geji yoyote zaidi ya zile za kiwandani. Anayeifahamu 1HZ hatashangaa. Haidungi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Hudunga kwenye chemba ndogo iliyo ndani ya silinda hedi. Ukiiongezea hewa ya tabo na dizeli ya kuilisha hewa hiyo, joto linajaa palepale kwenye hedi. Dereva asipoliona joto la moshi, hana namna ya kujua kwamba mguu wake unaiua injini.

Mzee mwenye gari alikuja na boksi la geji tano: joto la moshi, presha ya tabo, joto la maji, presha ya oili na volti. Akaniambia, "Fundi, nataka kuona namba. Hii sindano inayokaa katikati mwaka mzima hainiambii kitu." Nilikubaliana naye kabisa. Sindano ya kiwandani kwenye magari mengi imetengenezwa itulie katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, ili mwenye gari asihangaike. Mpaka iondoke katikati, mara nyingi maji yameshachemka.

## Tulivyofunga, na sababu zake

Tulifanya kazi siku mbili. Mimi nilishika upande wa injini, na kijana wangu, fundi mwenye mikono mizuri tu, akashika upande wa dashibodi.

Sensa ya joto la moshi niliifunga kabla ya tabo, kwenye manifodi ya ekzosti, pale mikondo ya silinda inapokutana. Moshi ukishapita kwenye tabo umeshapoteza joto, na kiasi cha joto kinachopotea hubadilika kulingana na mzigo, kwa hiyo namba ya baada ya tabo humfanya dereva ajione yuko salama kuliko alivyo. Kutoboa manifodi kunahitaji uvumilivu. Wapo wanaotoboa ikiwa imefungwa, wakapaka grisi kwenye keko ili inase chenga za chuma. Mimi niliifungua manifodi yote, kwa sababu chenga moja ikiingia kwenye panga za tabo inayozunguka kwa kasi ile, gharama yake inazidi saa nne za kufungua na kufunga.

Waya wa sensa hiyo haukatwi wala hauungwi kwa waya wa kawaida wa shaba. Ni sensa ya aina ya K: metali mbili tofauti zimeunganishwa nchani, na joto linazalisha umeme mdogo sana, kama mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja. Ukiunga shaba katikati, umeongeza viungo vya metali nyingine, na joto la mahali ulipounga linaingia kwenye hesabu. Waya uliozidi tuliukunja na kuufunga nyuma ya dashibodi. Kijana nilimwonyesha pia jambo ambalo humchanganya kila fundi wa magari: kwenye waya za K za mtindo wa Kimarekani, mwekundu ndio hasi na wa njano ndio chanya.

Presha ya oili ilitupa kazi yake. Tundu la oili kwenye injini ya Toyota lina uzi wa Kijapani na Kiingereza, robo tatu ya mafundi tunauita "inchi moja ya nane" tukaishia hapo. Adapta iliyokuja ndani ya boksi ilikuwa inchi moja ya nane ya Kimarekani. Ule wa kwanza una meno 28 kwa inchi, huu wa pili una 27. Ukianza kuzifunga kwa mkono zinaingiana mizunguko miwili mitatu vizuri, kisha zinakaza, na hapo ndipo fundi anapofikiri imefika na kuongeza nguvu ya spana. Niliisimamisha kazi, tukatafuta adapta yenye uzi sahihi, na nusu siku ikapotea. Bado naamini ilikuwa nusu siku iliyotumika vizuri.

Sensa yenyewe ni kipande kizito kama kopo dogo la maziwa. Sikuifunga moja kwa moja kwenye injini. Dizeli ya silinda 6 kwenye barabara ya makorongo itaitikisa mpaka shingo yake ikatike, na ikikatika oili yote inamwagika ndani ya dakika chache. Nilifunga kiunganishi cha njia tatu ili sensa ya kiwandani ibaki mahali pake, nikatoa mpira uliosukwa kwa waya wa chuma, na sensa mpya nikaiweka ubavuni mwa ukuta wa injini ndani ya kibano chenye mpira. Kwa kuwa kibano kile kinaitenga na bodi, niliipa sensa waya wake wa ethi mpaka kwenye bloku, yaani mwili wa injini.

Umeme wa geji tuliuchukua kwenye fyuzi inayowaka funguo ikiwa ON, tukaweka fyuzi ya ampea 3 ya geji peke yake. Hatukuchukua kwenye ACC, hatua ya funguo inayowasha redio, kwa sababu ACC hukatika starta inapozungushwa na geji za kielektroniki zinajizima na kuanza upya kila ukipiga starta. Mwanga wa geji tuliuunga kwenye waya wa kijani unaolisha taa za dashibodi.

Ikabaki ethi. Geji zote zilikuwa na waya mweusi, kijana akaziunganisha pamoja na kutafuta ethi ya karibu. Nyuma ya kiberiti cha gari, kwenye kitaa kinachomulika kibakuli cha majivu, alikuta waya mweupe wenye mstari. Ethi za Toyota kwa kawaida ni nyeupe zenye mstari mweusi. Alishika testa (kitaa cha kupimia umeme), upande mmoja kwenye chanya, ncha kwenye waya ule, taa ikawaka vizuri. Akaunga.

Jioni nilikuja kukagua. Tuliwasha injini ikapata joto, geji zote zikatoka na namba za kueleweka: maji nyuzi 87, oili juu kidogo ya bar 3 kwenye mwendo wa juu, volti 14.1. Tuliwasha taa, geji zikamulika. Nikasema kazi imeisha.

## Mteremko wa Mto wa Mbu

Siku ya tatu gari lilitoka Karatu na wageni, jua limeshazama, linashuka kuelekea Mto wa Mbu. Dereva ni mtu mzima, ameendesha magari ya utalii kwa miaka mingi, si wa kutishwa na kitu kidogo. Akiwa kwenye kona za mteremko, geji ya maji ikaonyesha nyuzi 106 na ya oili ikashuka chini, karibu na bar 2. Alisimama, akazima, akawashusha wageni, akafungua boneti. Baadaye alinisimulia kwamba aliushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja: ulikuwa wa moto wa kawaida, haujavimba, hakuna mvuke, hakuna harufu ya maji ya rejeta yaliyoungua. "Mkono wangu uliniambia gari ni zima," alisema, "lakini mzee ametoa hela nyingi kwa ajili ya hizo namba. Nani angeniuliza kuhusu mkono wangu hedi ikipasuka?"

Alifanya sahihi, na ningependa kila dereva afanye hivyo. Wageni walichukuliwa na gari jingine. Lake likavutwa.

## Wiki mbili za kubadilisha vizima

Gari halikuletwa kwangu. Lilikwenda kwenye gereji iliyokuwa karibu, na simlaumu yeyote aliyelishika, maana alipewa maelezo ya gari linalochemsha na kupoteza presha ya oili, naye akafanya ambacho fundi hufanya. Themostati, valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta yakipata joto, ikabadilishwa. Rejeta ikaoshwa. Oili na filta vikabadilishwa. Mchana walilijaribu barabarani, likawa safi. Usiku wa pili wa safari iliyofuata, yaleyale. Wota pampu ikabadilishwa. Mchana safi. Usiku yaleyale.

Mzee alinipigia simu akiwa amechoka. Fundi wa kule alikuwa ameshamwambia kinachobaki ni kufungua silinda hedi waangalie gasketi. Nikamwomba jambo moja tu: asiruhusu boti hata moja ya hedi iguswe mpaka nilione gari. Akakubali, kwa sauti ya mtu ambaye hana tena sababu ya kukubali.

Gari lilipofika niliomba na vile vipuri vilivyotolewa. Themostati ya zamani niliifunga uzi, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, nikachochea moto taratibu. Ilifunguka kwenye nyuzi zilezile zilizochongwa juu yake, ikafunguka mpaka mwisho, na maji yalipopoa ikafunga. Ilikuwa nzima kabisa.

## Geji dhidi ya vipimo vingine

Kabla ya kugusa waya wowote nilitaka kujua kama injini ni mgonjwa au geji ndiyo mgonjwa. Nilifunga geji ya mkono ya presha, ile ya mpira na sindano isiyohitaji umeme, kwenye njia ya oili. Nikachukua kipimajoto cha infraredi, kile kinachopima joto bila kugusa, nikakilenga kwenye nyumba ya themostati baada ya kuendesha nusu saa. Oili bar 3 na kidogo, maji kati ya 86 na 89. Geji za ndani zilisema hivyohivyo. Kwa hiyo mchana, kila kitu kilikubaliana.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikijaribu kufikiri, na dereva amesimama mlangoni. Ndipo nikamuuliza swali ambalo kwa wiki mbili hakuna aliyemuuliza, mimi nikiwa wa kwanza kati ya wasiouliza: "Kaka, hebu nieleze, kabla haijapanda, mikono yako huwa inafanya nini?"

Akafikiri. "Giza likiingia nawasha taa. Halafu hizi geji zenu zinamulika sana, zinanichoma macho kwenye kioo. Nazungusha hiki kidude napunguza mwanga wa dashibodi. Baada ya hapo..." Akanyamaza, akaniangalia.

Niliwasha taa, mchana uleule, nikakizungusha kile kitufe taratibu. Sindano ya maji ikapanda kutoka 88, ikapita 95, ikafika 106. Sindano ya oili ikateremka kutoka 3 hadi 2. Volti ikatoka 14.1 ikaenda 13.6. Nilipokizungusha mpaka mwisho, maji yakagonga ukuta wa juu wa geji na oili ikalala sifuri. Nikarudisha kitufe, zote zikarudi mahali pake, kana kwamba hakuna kilichotokea. Geji ya joto la moshi haikuyumba wakati wote huo, na ya tabo, ambayo ni ya mpira wa hewa, haikuyumba pia.

## Kilichokuwa kinatokea

Nilichukua mita, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye kile kifundo cha nyaya nyeusi nyuma ya geji. Taa zikiwa zimezimwa: volti 0.03. Taa zimewashwa, mwanga wa juu kabisa: 0.06. Kitufe katikati: 0.5. Kitufe mwisho: 1.8. Ethi ya kweli haipandi. Hiyo ilikuwa inapanda ngazi.

Nikaufuata ule waya mweupe wenye mstari. Niliufuta vumbi kwa kitambaa chenye petroli, nikaugeuza kwenye mwanga wa tochi. Mstari haukuwa mweusi. Ulikuwa wa kijani, kijani kilichofifia kwa miaka na kushiba vumbi la Manyara, na chini ya dashibodi macho yoyote yangeuona mweusi. Kwenye gari hili, waya mweupe wenye mstari wa kijani ndio njia ambayo taa zote za dashibodi hurudia kwenda ethi, na kabla ya kufika ethi unapita kwenye kitufe cha kupunguza mwanga. Yaani kitufe hakipunguzi umeme unaokwenda kwenye taa. Kinaubania umeme unaorudi. Toyota nyingi za zamani ziko hivyo, na fundi aliyezoea magari ambayo mwanga hupunguzwa upande wa chanya hatategemea hilo.

Sasa fuata umeme. Kitufe kikiwa kwenye mwanga wa juu, hakuna kizuizi, waya ule ni ethi nzuri tu, na testa inawaka. Ndivyo ulivyokuwa siku kijana anaunga. Ukiwasha taa na kuzungusha kitufe, umeme wa taa zote za dashibodi unabanwa pale, na volti kidogo inasimama kwenye waya. Nyaya nyeusi za geji zimekaa juu ya waya huohuo, kwa hiyo "sifuri" ya geji imenyanyuliwa juu ya sifuri ya injini. Lakini sensa ya maji na ya oili zinahesabu kutoka kwenye injini. Geji inalinganisha alama ya sensa na sifuri yake yenyewe iliyopanda, inaona alama imeshuka.

Hapa ndipo pabaya. Sensa ya joto la maji hupunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo alama ndogo kwa geji maana yake ni moto. Sensa ya oili ya mfumo huu, wa ohmu 10 hadi 180 kama sensa nyingi za Ulaya, ina ukinzani mdogo presha ikiwa sifuri, kwa hiyo alama ndogo maana yake ni presha imeisha. Kosa moja likazaa dalili mbili ambazo kila dereva anaziogopa kuliko zote, na zikaja kwa pamoja. Lau sensa ya oili ingekuwa ya mfumo wa Kimarekani, ohmu 240 kwa sifuri na 33 kwa presha ya juu, presha ingeonekana imepanda, na labda mtu angeshtuka mapema kwamba hesabu haziendi.

Joto la moshi halikuguswa kwa sababu sensa yake ina nyaya zake mbili na geji inapima tofauti kati yake, haihitaji kuuliza injini sifuri iko wapi. Geji ya volti ilishuka kwa nusu volti tu, kiasi ambacho dereva hawezi kukiona usiku.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi: kwa nini mchana haikutokea hata kitufe kikiwa kimeachwa chini? Nilipima: taa zimezimwa, kitufe mwisho, volti 0.08 tu. Jibu ni kwamba taa zikizimwa, waya wa kijani unaolisha taa za dashibodi umeunganika pia na taa za nyuma za gari, na taa hizo zikiwa baridi zina ukinzani mdogo sana. Umeme kidogo wa geji ulikuwa unapita kinyumenyume kwenye vitaa vya dashibodi, unatokea nyuma ya gari kupitia balbu za nyuma, unafika kwenye bodi. Mchana ethi ile ilikuwa na mlango wa uani, na usiku, taa zikiwaka, mlango huo unafungwa. Ndiyo sababu kila jaribio la mchana, la kwetu na la wenzetu, lilileta jibu safi.

## Tulivyorekebisha

Tulikata nyaya zote nyeusi pale, tukaurudishia waya wa kitaa muhuri wake. Tukavuta waya mmoja mweusi wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye geji, ukapita kwenye mpira wa ukuta wa injini, mpaka kwenye boti ya bloku palepale ilipofungwa ethi ya sensa ya oili. Boti ilifunguliwa, rangi ikakwanguliwa mpaka chuma kikang'aa, kichwa cha mviringo kikabanwa, washa ya meno juu yake, grisi kidogo kuzuia kutu. Ningeweza kutumia boti ya bodi nyuma ya dashibodi, ingekuwa rahisi zaidi. Niliamua bloku kwa sababu sensa za waya mmoja zinahesabu kutoka kwenye bloku, na geji ikihesabu kutoka mahali palepale, hata mkanda wa ethi kati ya injini na bodi ukichoka siku moja, zitaendelea kuelewana.

Kisha tukapima upya kila kitu kikiwa kimewashwa: taa kubwa, feni, waipa, honi, breki imekanyagwa, kitufe cha mwanga kikizungushwa huku na huku. Volti 0.02, haikusogea. Usiku ule nilitoka na dereva, yeye usukani mimi na kalamu, tukapanda na kushuka mlima mara mbili. Maji hayakuzidi 91 kwenye kupanda. Joto la moshi lilifika 640 kwenye kona ya mwisho ya mlima, akapunguza mguu kidogo, likarudi 590. Hapo niliona kwa mara ya kwanza kile mzee alichokuwa akikitaka tangu mwanzo.

Gharama za kazi ya marekebisho na za kuvuta gari tulizibeba sisi. Themostati na wota pampu mpya zilibaki kwenye gari, na tulikubaliana na mzee namna ya kugawana bei yake.

## Uchambuzi

Testa ilitumika vizuri na bado ilidanganya. Kijana hakufanya uvivu: alijaribu, taa ikawaka. Tatizo ni kwamba testa hujibu swali la dakika ile tu, kwa hali ambayo gari limo dakika ile. Ethi ya kitu kinachopima lazima ipimwe kwa mita, kwa volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, huku kila kinachoweza kuwashwa kimewashwa na kila kinachozungushwa kinazungushwa. Ukipata zaidi ya volti 0.1 hapo, usiunge geji. Balbu au redio inaweza kuvumilia nusu volti na hakuna atakayejua. Geji haivumilii, kwa sababu kazi yake yote ni kusoma tofauti ndogo za volti.

Rangi ya waya ni fununu. Waya wa kitaa chochote cha dashibodi, hata uwe wa rangi gani, sitautumia tena kama ethi, wala sitamruhusu mtu chini yangu autumie.

Kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa kukagua jioni moja, mchana mweupe bado, gari limesimama. Niliwasha taa kuona kama geji zinamulika, nikaridhika kwamba zinamulika. Sikuangalia kama namba zimebaki palepale. Sindano tatu zilikuwa mbele yangu na kitufe kilikuwa karibu na goti langu.

Dalili zilikuwepo kwa yeyote aliyetaka kuzisoma. Gari lilichemsha kwenye mteremko, mguu ukiwa juu ya breki, injini haina mzigo; injini haina sababu ya kuchemka pale. Lilichemsha usiku, wakati hewa ni baridi zaidi. Maji na oili, mifumo miwili tofauti, iliugua sekunde ileile na kupona pamoja. Fundi akiona vitu visivyohusiana vinaugua kwa pamoja, atafute wanachoshirikiana kabla hajafungua kimojawapo, na geji hizi zilikuwa zinashirikiana waya mmoja mweusi. Hata mkono wa dereva juu ya mpira wa rejeta ulikuwa kipimo, na kilikuwa kipimo sahihi kuliko vyote usiku ule.

Kilichotuokoa ni mchanganyiko wa geji wenyewe. Kwa kuwa ya tabo ilikuwa ya mpira wa hewa na ya moshi ina nyaya zake mbili, tuliweza kuona zipi zinayumba na zipi zimesimama, na hilo lilitupeleka kwenye ethi ndani ya nusu saa. Zote zingekuwa za aina moja, nadhani tungeshinda siku nzima tukishuku sensa.

Na lipo la makabidhiano. Nilimpa dereva geji tano bila kumwambia namba za kawaida za gari lake ni zipi, wala afanye nini geji moja ikipingana na nyingine. Siku hizi dereva anaondoka na karatasi ndogo iliyobandikwa nyuma ya kizuia jua: maji, oili, moshi, volti, kila moja na kiwango chake cha gari baridi, gari la moto, na mlimani. Chini yake tumeandika kwamba maji yakipanda na oili ikishuka kwa pamoja, asimame, azime, ashike mpira wa rejeta, kisha atupigie sisi kabla ya kumpigia mtu mwingine.

Kijana sasa ndiye anayefunga geji zote hapa kwetu. Gari likiisha hulikabidhi kwangu saa moja na nusu usiku, si jioni, na dereva wake akiwa amekaa kwenye kiti.